Kaka Amefuta Watu Wangu Kumi na Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila nakutahadharisha mapema kwamba sikuandika ili nionewe huruma, huruma ninayo ya kutosha humu nyumbani, nimelishwa huruma miaka kumi na miwili tangu macho yangu yalipozimika nikiwa na miaka ishirini na sita, na sasa inanitokea puani. Mimi ni mpiga chapa wa hospitali, madaktari wanarekodi maelezo ya wagonjwa kwa sauti, mimi navaa hedifoni na kuyaandika, na katika chumba chetu cha watu watano ndiye ninayeongoza kwa kasi na kwa kutokosea, na hilo silisemi kwa majivuno, msimamizi wetu ndiye aliyelibandika ukutani.

Naishi kwa kaka yangu mkubwa, fundi wa lifti, pamoja na wifi yangu. Kaka simsemi vibaya kwa kupenda. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kazini kila asubuhi mwaka mzima wa kwanza, ndiye aliyegombana na mwenye duka aliyenicheka nilipomwaga sukari, na kama angeishia hapo nisingekuwa nakuandikia leo.

Sasa sikiliza lilipoanzia. Barua pepe zangu nazisoma kwa programu ya maandishi matupu, haina picha, haina vitufe vya kubonyeza kwa kipanya, ni herufi tu juu ya kioo cheusi, na watu wakiiona huniuliza kama kompyuta imeharibika, lakini kwangu hakuna inayoifikia kwa sababu ile sauti ya kompyuta inayonisomea haipotei humo, inakwenda mstari kwa mstari kama mtu aliyetulia. Kitabu changu cha anwani ni faili la kawaida, kila mtu ana mstari wake, na kila mtu nimempa jina fupi, nikiandika "mwl" anakuja mwalimu wangu wa zamani wa chuo cha wasioona, nikiandika "fun" anakuja Fundi.

Huyu Fundi ni mtengeneza redio wa mji mwingine, naye haoni, hajaona tangu kuzaliwa. Tulijuana mwaka juzi katika kundi la watu wanaotumia programu hiyohiyo, mimi niliuliza swali moja tu, nifanyeje ili watu walioko kwenye simu yangu waonekane pia kwenye barua pepe bila kuwaandika upya mmoja mmoja, na wajuzi watatu wakanijibu kwa maneno ya kunionyesha kwamba wao ni wajuzi, yeye akaniandikia hatua moja, akauliza "Imekubali?", nikisema imekubali ananiandikia nyingine. Hatua kumi na moja, siku tatu. Kufika hatua ya tisa nilikuwa nimeshaanza kuombea isikubali ili aandike tena.

Anachokiita yeye kulandanisha ni hivi, unakuwa na akaunti moja mtandaoni, simu na kompyuta zote zinachota watu humo, ukiongeza mtu kwenye simu anaongezeka kwenye kompyuta, ukimfuta kwenye kompyuta anafutika kwenye simu. Mimi akaunti sikuwa nayo. Kaka alikuwa nayo, yeye na wifi wanaitumia kwenye simu zao, akasema, "Tumia hii yetu, ya nini kuhangaika," nami nikaona ni wema, nikamwaga watu wangu wote mia mbili na kumi na wawili humo pamoja na wao. Fundi aliniandikia, "Una hakika unataka kitabu kimoja na watu wengine wawili?" Nikamjibu ni kaka yangu. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Jambo jingine ulijue, mshauri, maana ndilo lililoniumiza zaidi. Kwa sababu ya matangazo ya kijinga yanayomiminika kila siku, nilikuwa nimeiagiza programu kwamba barua yoyote ya mtu asiyekuwemo kitabuni iende kwenye folda ya wageni, na folda hiyo naifungua nikikumbuka. Simu yangu nayo ni hivyohivyo, aliyemo inamtaja jina, asiyekuwemo inasoma tarakimu, na mimi tarakimu sizipokei.

Kwa wiki mbili Fundi akawa kimya. Nilijiambia ana kazi nyingi. Wiki ya tatu nikajiambia amechoka nami, nikawa nafika kazini na kuandika "moyo umepanuka" mahali daktari aliposema "ini". Jumanne moja asubuhi, nimeshavaa, nasubiri chai ipoe, nikaamua kuvunja kimya mimi. Nikaandika "fun". Sauti ikasema, "Hakuna." Nikadhani kidole kimeteleza, nikaandika tena, hakuna. Nikaandika "mwl", hakuna. Nikahesabu kitabu, na nikiwatoa wa kaka na wa wifi, watu wangu mia mbili na kumi na wawili wamebaki mia moja tisini na watatu.

Namshukuru Fundi, alinizoesha kuweka nakala kila Jumamosi. Nikatoa nakala ya mwezi uliopita, nikaiamuru kompyuta ilinganishe na kunisomea waliopungua tu, na nikakaa pale ukingoni mwa kitanda ikinisomea majina kumi na tisa kwa sauti ileile inayonisomea matangazo. Wanaume kumi na saba, yaani wenzangu wa kundi, mfanyakazi mwenzangu mmoja aliyehamia mbali, mpaka fundi wa kurekebisha fimbo yangu. Wawili waliobaki ni wanawake, mwalimu wangu, na mama mmoja wa chuoni ambaye alikuwa amenigusia habari ya nafasi ya kazi.

Nikafungua folda ya wageni. Humo zilikuwemo barua saba za Fundi. Ya kwanza anacheka, ya tatu anauliza kama naumwa, ya saba inasema, "Kama nimekukosea sitajua nimekosea wapi, kwa hiyo naacha kukusumbua." Na ilikuwemo ya mwalimu, chuo kinanitaka nikafundishe upigaji chapa kwa wasioona miezi sita, nijibu kabla ya Ijumaa. Ijumaa yenyewe ilikuwa imepita siku nne.

Sikwenda kazini kimyakimya. Nilikwenda mezani. Kaka alikuwa anakunywa chai, wifi anapaka mkate siagi. Nikasema, "Kaka, umefuta watu wangu."

Akasema, "Nimesafisha tu. Orodha ilijaa watu nisiowajua."

"Ni mimi ninayepaswa kuwajua."

"Mdogo wangu, wewe huwaoni. Mimi ndiye macho yako. Mtu hujawahi kumwona, hajawahi kukuona, anakupigia simu mara nne kwa wiki, mimi nikae tu?"

Nikamwambia, "Hata wewe sijakuona miaka kumi na miwili, na bado nakuita kaka."

Wifi aliweka kisu chini. Kaka akasema kwa ile sauti yake ya upole ambayo siku hizi inanikera kuliko kelele, "Sawa, tuseme ni mtu mwema. Vipofu wawili nyumba moja. Mmoja akianguka, mwenzake atamwonaje?"

Nikamjibu, "Atamsikia."

Nikatoka. Fundi nilimwandikia nikiwa kazini, nikamweleza yote, akanijibu mstari mmoja, "Nimefurahi kwamba hukunyamaza kwa hiari yako. Nije?" Sijamjibu mpaka sasa, na sababu ndiyo hii inayofuata, ambayo sijamwambia mtu.

Siku ya pili yake nilirudi mapema, nyumba haina mtu. Nikanakili kitabu kizima mahali pengine, nikawatoa watu wangu wote na kuwarudisha wale kumi na tisa katika kitabu changu peke yangu, kisha nikaenda kwenye kile cha familia nikafuta mtu mmoja mmoja mpaka sauti ikasema sifuri. Watu mia sita na kitu. Ndani ya nusu saa simu ya kaka ikawa tupu, haina mteja, haina bosi, haina hata mimi. Nilisikia raha, mshauri, raha kama ya mtu anayevua kiatu kinachobana.

Raha ilidumu mpaka jioni. Kaka alihangaika, akaniomba mimi nimsaidie, nikamwambia labda ni mtandao. Lakini wifi nilimkuta jikoni analia bila kutoa sauti, nilimjua kwa pumzi. Mama yake ni mgonjwa, anaangaliwa na jirani, na namba ya jirani huyo ilikuwa kwenye simu tu. Siku nne leo hajajua mama ameamkaje. Nakala ninayo. Inakaa umbali wa amri moja. Sijairudisha, kwa sababu nikirudisha watajua ni mimi, na nikijulikana nimepoteza haki yangu yote.

Kaka naye hajakaa bure. Ameitisha kikao Jumapili, baba mdogo atakuja na shangazi, na masharti ameshayataja, nitoe nenosiri la barua pepe yangu "kwa usalama", niache habari za Fundi, na niombe radhi kwa kumjibu vile mbele ya mkewe. Nenosiri sitoi. Hilo sikuulizi. Nakuuliza niende kwenye kikao au nihame kabla, nimjibu Fundi nini, na hivi mtu akikufutia kumi na tisa nawe ukamfutia mia sita, bado wewe ndiye uliyeonewa?

Ni mimi, Mpiga Chapa.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, sikuiti mwanangu, maana nimesoma barua yako nikaona umechoka kuitwa mtoto. Kwa kuwa Jumapili haisubiri ukurasa huu, jibu hili nimekutumia kwanza kwa barua pepe. Na nimelituma nikitumaini halitaishia kwa wageni.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo uliloliogopa, ndiyo maana ukaliweka mwisho. Kwa kaka yako, ndiyo, umeonewa. Kwa wifi yako, wewe ndiye mwonevu. Hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila shida, wala usitafute mizani ya kuyafanya yawe moja. Kaka yako alikaa kitako akachagua nani aongee nawe na nani asiongee, akakuacha uamini kwamba umetupwa, akakukosesha nafasi ya kazi. Huo si ulinzi. Mlinzi anasimama mlangoni ukimwita, hafungi mlango kwa nje. Lakini wifi yako alikufutia nani? Aliweka kisu chini. Umemsikia akilia, ukajua analilia nini, dawa unayo kidoleni, ukaenda kulala. Siku nne. Nimekasirika niliposoma hapo, na nadhani uliandika ili mtu akasirike.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma mstari huu, acha kusoma. Rudisha kitabu cha familia. Kisha nenda kwa wifi yako, kwa miguu yako, mwambie kwa mdomo wako, kabla ya kaka na kabla ya kikao. Usimwandikie. Usiseme "kumbe ilikuwa mtandao". Sema ni mimi, nilikuwa na hasira na kaka, nawe ukaumia. Halafu nyamaza, umwache aseme anachotaka.

Umerudi? Tuendelee.

Unasema ukijulikana utapoteza haki yako. Hapana. Haki ya kuchagua unayemwandikia haikuwa zawadi ya tabia njema, hata mtu aliyekosea anayo. Tena utakuwa na nguvu zaidi kikaoni ukiingia huna cha kuficha, kwa sababu hivi sasa kaka akisema "nani amefuta simu zetu?" utameza mate, na mtu anayemeza mate hawezi kukataa kutoa nenosiri.

Nimemuuliza mama anayeshughulikia kompyuta zetu hapa gazetini, naye amecheka aliposikia programu yako, akasema ndiyo aliyoanzia kazi. Anasema kosa lenu la kwanza si la ubaya, ni la uvivu, nyumba ya watu watatu kutumia kitabu kimoja. Fungua akaunti yako mwenyewe leo. Watu wako wakae humo, simu yako na kompyuta yako zichote humo, na ile ya familia uiondoe kabisa kwenye mashine zako. Kama mnataka kuwa na namba za pamoja, za daktari, za jirani wa mama, za mwenye nyumba, ziwekeni kwenye kitabu cha tatu kidogo, na wewe kwa upande wako uipange kompyuta isome tu kitabu hicho, isiandike wala kufuta. Badilisha nenosiri hata kama unadhani hakuna anayelijua. Na ile folda ya wageni, sasa umejua ina meno. Ifungue kila siku kabla ya kazi kama unavyofungua dirisha.

Mwalimu wako mwandikie leo hii, usingoje Jumapili. Mweleze ukweli kwa mistari mitano, usijieleze kwa ishirini. Nafasi inaweza kuwa imekwenda. Ikiwa imekwenda, uliza inayofuata ni lini, usiage kwa unyonge.

Sasa Fundi. Aliuliza neno moja, "Nije?", nawe umemweka siku tano, baada ya kukaa wiki tatu akidhani amefukuzwa. Una ujasiri wa kufuta watu mia sita, huna wa kuandika "njoo"? Mwandikie. Lakini nakukanya kitu kimoja, usiolewe na mtu huyu kwa hasira ya kaka yako. Mkutane mchana, mahali penye watu, umsikie anavyoongea na mhudumu, anavyosubiri, anavyokosolewa. Ukirudi nyumbani humtaki, usimtake, wala asikuambie mtu kwamba kaka alikuwa sahihi. Ukimtaka, hayo ni yako na yake.

Kuhama? Utahama ukipata pa kuhamia na ukitaka, si Jumamosi jioni na begi mkononi ili ukwepe viti vya baba mdogo. Kwenye kikao nenda. Kaa karibu na shangazi. Omba radhi kwa kufuta kitabu, mara moja, kwa maneno yaliyo wazi. Kwa kumjibu kaka yako mezani usiombe radhi, hukumtukana. Wakikuuliza nenosiri sema sitoi, na wakikuuliza kwa nini, rudia sitoi. Mtu mzima hana haja ya kuleta ushahidi kwamba ni mtu mzima. Na kabla hamjanyanyuka, mwombe kaka akuambie mbele yao kwamba alifuta. Si kwa kumwaibisha. Ni kwa sababu mpaka sasa anaamini alisafisha.

KABLA UKURASA HAUJACHAPWA

Mpiga Chapa ametujibu Jumatatu mchana, na ameturuhusu tuichape barua yake kama ilivyo.

Mshauri, nimefanya, ingawa lile neno "mwonevu" limenikaa shingoni. Nilirudisha kitabu, nikamfuata wifi chumbani anakunja nguo. Nilipomaliza kusema, alimpigia kwanza jirani wa mama yake. Mama hajambo. Ndipo akaniambia, "Ungenijia mimi, tungemkemea kaka yako pamoja. Sasa nina hasira nanyi wote wawili." Nikamwambia ana haki. Tukakunja zile nguo zilizobaki, mimi soksi, yeye mashuka.

Kikaoni nilisema langu mapema, na kaka akalidaka papo hapo. "Mnamsikia? Huyu ndiye anayetaka aachwe peke yake na watu asiowaona." Nikasema nimekosa, nimerudisha, nimeomba radhi, sasa nataka kumsikia yeye.

Baba mdogo akamgeukia. "Kwani wewe ulifuta watu wake?"

"Niliwapunguza," kaka akasema.

Shangazi akauliza, "Waliokufa au walio hai?" Hakuna aliyecheka. Nilisikia kiti cha kaka kikilia. Mwisho akasema, "Niliwafuta. Niliogopa ataondoka."

Ni mara ya kwanza nimemsikia akisema anaogopa, na nilikaribia kulainika nikatoa kila kitu. Baba mdogo akadhani ndio wakati wake, akasema, "Basi binti, mpe kaka yako hilo nenosiri, yaishe." Nikasema sitoi. Akauliza kwa nini. Nikasema sitoi. Wifi, ambaye hakuwa ameongea tangu tuketi, akasema, "Na mimi nataka kitabu changu peke yangu. Nimechoka kukuta shoga zangu wamepunguzwa." Kumbe na wake walipungua. Shangazi ndiye aliyefunga kikao, alinyanyuka tu akaenda kunawa mikono.

Mwalimu amejibu. Darasa lile limepata mtu, limebaki linalofuata, wameniandikisha, ni baada ya miezi mitano. Kaka hajaomba radhi na leo ameniamkia kwa mbali. Nimemfungulia wifi akaunti yake jana jioni, anajaza watu mmoja mmoja huku akinisomea sababu za kila mmoja. Fundi anafika Jumamosi saa nne asubuhi na atakula hapa mchana. Kaka aliuliza nani amemruhusu. Nikamwambia simwombi, namwarifu ili kipikwe chakula cha kutosha.